Pipa la Maji ya Pasaka

Enzi zetu kengele haikukaa ndani ya simu. Ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inia kwa waya mlangoni pa jikoni, na ilibidi mtu aamke saa kumi na moja alfajiri akigonge kwa bolti. Kama wewe ni wa rika langu na ulikaa na masista hata mwezi mmoja, najua mlio ule bado unao kwenye meno. Mimi bado ninao. Mtu akiangusha sufuria nyumbani kwangu, mkono unaruka kichwani wenyewe kutafuta kitambaa.

Nilipelekwa Sarang'ombe, kule Kibera, nikiwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, karo ya sekondari haikuwepo, na mama alikuwa amechoka kuniona nimejificha nyuma ya jiko lake la mahindi ya kuchoma pale Kawangware. Nilikuwa mtoto wa haya kupita kiasi. Mteja akiniuliza bei, mimi niliangalia miguu yake. Siku moja mama alijifunga leso, akanishika mkono, tukatembea mpaka kwa masista. Alisimama langoni akamwambia Sista Imakulata, mkuu wa nyumba, maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Huyu hasumbui, Sista. Hata hamtamsikia." Aliyasema kwa kunisifu.

Masista walikuwa watatu na sisi wasichana wa kujitolea tulikuwa sita. Tulipewa kitanda, chakula na sare ya kijivu iliyowasha shingoni. Sisi tulipika uji wa watoto wa chekechea, tulisafisha vidonda vya wagonjwa kwenye zahanati ya misheni, na kila Jumapili tulipikia wazee wasio na watu. Kazi haikunichosha. Kilichonichosha ni sheria, na sheria ya kwanza ilikuwa ukimya. Tangu sala ya jioni mpaka tumalize chai ya asubuhi, hakuna kusema neno. Sista alituambia saa hizo ni za Mungu.

Sasa niambieni, nani amewahi kupika uji wa chekechea nzima bila kusema neno? Tuliongea kwa mikono kama watu wanaofukuza nzi. Chumvi ilitiwa mara mbili kwa sababu hakuna aliyeweza kuuliza kama imetiwa. Maziwa yalifurika huku tumesimama wanne, kila mmoja akidhani mwenzake anayaangalia. Na watoto wa Mashimoni, mtaa wa jirani, walijua saa zetu kuliko sisi wenyewe. Walipanga mstari kwenye ua wa mabati na kuimba, "Mabubu wa misheni! Tusalimieni basi!" Tulipita na mitungi yetu kichwani, macho chini, kama tunaomboleza.

Wakati wa likizo za Ulaya walikuja pia vijana wa kizungu kujitolea, miezi miwili, kisha hao wakaenda zao. Walikuwa na mioyo mizuri, siwezi kusema uongo. Lakini kila mmoja alikuja na wazo, na kila wazo lilianzia jikoni kwetu. Mmoja aliona sufuria zikae upande wa dirisha. Aliyemfuata aliona zikae upande wa mlango. Kuna aliyetukataza kuloweka maharagwe usiku kucha, na siku hiyo wazee walikula saa kumi jioni. Sisi tuliinamisha vichwa, tukahamisha sufuria.

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha Paulina, msichana wa Kitui. Huyo Mungu alimpa mdomo wake na wangu akaichanganya. Alikuja kwa masista kwa jambo moja, kusomea uuguzi, na Sista Imakulata alikuwa amemwandikia nafasi kwenye hospitali moja ya misheni. Angeondoka mara tu baada ya Pasaka. Kila jioni Paulina alinishika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo wangu kwa saa ya ukutani, midomo ikicheza bila sauti. Nadhani aliyahesabu mapigo yangu mara nyingi kuliko daktari yeyote tangu hapo.

Shida ni kwamba alikuwa ameonywa mara mbili. Mara ya kwanza alicheka kanisani, kamba ya kandambili ya Sista ilipokatika akipiga goti. Mara ya pili, wale watoto walipoimba mabubu mabubu, yeye aliweka mtungi chini, akapanda jiwe na kuwajibu juu ya ua kwamba bubu ni babu yao. Ilikuwa saa za ukimya. Sista alimwita ofisini, nasi tukasikia tukiwa ukumbini: "La tatu, Paulina, unafunga sanduku. Na hospitali nitawaandikia wampe mwingine."

Basi ikafika Wiki Kuu na bomba la kioski cha maji cha Mashimoni likakauka. Mliokaa Kibera miaka ile hamhitaji kuelezwa. Mimi na wenzangu tulitafuta maji siku mbili, mbali, mpaka shingo zikagoma kugeuka, na tulipojaza pipa moja Sista alisema hilo lisiguswe. Jumamosi jioni Padri alilibariki. Kesho yake baada ya Misa Wakristo wangekuja na chupa zao kuchukua maji ya baraka ya mwaka mzima, kama desturi. Pipa likabaki uani, limefunikwa kwa sinia, karibu na mlango wa jikoni ambako siku zote lilikaa pipa la kupikia.

Paulina hakuwepo wakati wa baraka. Alilala na jino, shavu limevimba kama ameficha andazi. Hakuna aliyekumbuka kumweleza, maana tuliporudi kutoka kanisani ukimya ulikuwa umeanza.

Asubuhi ya Pasaka zamu ya jikoni ilikuwa yake. Mimi nilikuwa nje nachagua mchele wa wazee. Nikamwona anatoka na ndoo, anaondoa sinia, anachota. Ndoo ya kwanza aliitia kwenye sufuria ya chai. Nilisimama. Nilielekeza kidole kwenye pipa, nikakunja mikono kama mtu anayesali, nikaonyesha kanisa. Paulina alitikisa kichwa kwamba ameelewa, akachota ndoo mbili zaidi, akaenda kupangusa sakafu ya kanisa.

Nilikimbia nyuma yake nikipunga mikono. Akaona namharakisha, akaharakisha. Alirudi akaloweka mchele. Akaosha nyama. Akamalizia kwa kusuuza masufuria ya jana, vizuri sana, mpaka yakang'aa. Neno moja lingetosha. Lilikuja mpaka hapa kooni, nikalimeza. Nilikuwa nimefundishwa kwamba saa hizo ni za Mungu, na haya yangu ilifurahi kupata sheria ya kujifichia. Mpaka reli inagongwa baada ya chai kufungua ukimya, pipa lilikuwa linatoa sauti ya pipa tupu.

Baada ya Misa watu wakapanga mstari uani na chupa za soda, chupa za dawa, mama mmoja na kibuyu. Sista Imakulata alifunua pipa na kikombe mkononi. Aliinama akatazama ndani muda mrefu, kama mtu aliyeangusha kitu kisimani. Paulina akatokea mlangoni akipangusa mikono, akauliza kwa lile shavu lake kama kuna shida. Padri alipoelezwa alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Aliwaambia watu kwamba mwaka huo wazee wa Sarang'ombe wangekula wali mtakatifu, na kwamba atabariki mengine bomba likifunguka. Watu wengine walicheka. Mama wa kibuyu, aliyetembea kutoka Kawangware na goti bovu, hakucheka. Sista pia hakucheka.

Kila Jumapili jioni tulikaa duara ukumbini na kila mmoja alitaja kosa lake dhidi ya wenzake. Tulizoea kutaja vidogo: nilichukua sabuni ya fulani, nilisinzia kwenye rozari. Siku hiyo Sista hakungoja. Alisema Paulina ataondoka kesho baada ya chai, na barua ya hospitali iko mezani pake. Paulina alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakikutoka kitu. Aliangalia mikono yake tu.

Magoti yangu yakasimama kabla yangu.

"Mimi nilimwona," nilisema.

Sista aligeuka pole pole. Sidhani alikuwa anaijua sauti yangu. "Ulimwona akichota?"

"Tangu ndoo ya kwanza, Sista. Yeye hakujua. Mimi nilijua."

"Na hukumwambia?"

"Zilikuwa saa za ukimya, Sista."

Wale masista wawili walitazama sakafu. Sista Imakulata alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Kwa hiyo hata nyumba hii ikishika moto saa za ukimya, wewe utaniambia kwa mikono?"

Nilidhani ananiuliza kweli. "Ndiyo, Sista," nikamjibu.

Paulina ndiye aliyeanza, akishika shavu kwa maumivu huku anacheka, kisha duara zima likaangua kicheko. Sista aliacha wacheke. Aliponyanyuka alimwambia Paulina afungue sanduku. Mimi nilipewa adhabu yangu: kusoma kitabu cha watakatifu kwa sauti, mbele ya wote, kila chakula cha jioni mpaka Pentekoste. Siku hamsini. Wiki ya kwanza nilisoma na jasho likidondoka kwenye ukurasa. Sheria ya ukimya haikubadilika hata kidogo, na kesho yake chumvi ilitiwa mara mbili.

Kitandani Paulina alinishika kifundo cha mkono, akahesabu, akaacha katikati. "Lakini wewe," alininong'oneza, na ukimya umekwisha anza, "si ungeniambia tu?" Mwezi wa tano alikwenda hospitali, akawa muuguzi.

Siku hizi nimo kwenye kikundi cha usafi wa kanisa letu Kawangware. Vijana wa kujitolea bado wanakuja, wiki mbili, fulana zimeandikwa mgongoni. Wanapiga picha na watoto. Ukiwapa maharagwe wachague, wanauliza wachague nini. Sista mmoja kijana aliwaomba waamke saa kumi na mbili, wakamtazama kama amewaomba figo. Hakuna reli, hakuna duara, hakuna anayekatazwa kusema.

Pasaka iliyopita tangi la maji ya baraka lilikuwa uani, limeandikwa herufi kubwa kama mlango. Padri alikuwa ndani bado anasoma matangazo. Nikamwona kijana mmoja wa fulana amechuchumaa, amefungua bomba la tangi, anaosha viatu vyake vyeupe. Wenzake watatu walisimama hapo hapo wakimtazama, vidole kwenye simu, wala hakuna aliyefungua kinywa. Nilimwita. Hakusikia, masikio yalikuwa yamezibwa na vile vidude vya muziki. Nilimwita tena, na kwa sauti niliyoitoa, matangazo yalisimama na kanisa zima likageuka dirishani.

Alitoa kidude kimoja. "Mathe, shida iko wapi?"

Nilimwonyesha maandishi. Akayasoma, akafunga bomba haraka, uso ukamshuka. Alikuwa mtoto mzuri tu. "Pole, mathe," akasema. "Si mngeniambia?"

Swali hilo niliwahi kuulizwa na Paulina. Sisi ukimya wetu ulifunguliwa kwa reli, wote pamoja, tukacheka na kugombana mpaka jioni. Vijana hawa kila mtu ana ukimya wake masikioni, na sijui nani atawagongea. Mimi bado naamka saa kumi na moja, napasha chai, na mkono wakati mwingine unainuka wenyewe kumwonyesha mtu kwamba chumvi nimetia. Hakuna mtu.

Jumapili ile walinisikia mpaka barabarani. Mama, aliyewaahidi masista kwamba hawatanisikia, angeona aibu sana.