Mafua Aliyoyaogopa Baharanyi

Kama kuna mutu katika Goma aliyetangaza vita na mafua, ni Baharanyi, karani wa depo moja ya simenti. Mutu anashinda siku nzima ndani ya vumbi la simenti, jioni anafika nyumbani, anasimama mulangoni na kuwauliza watoto kwa sauti ya mukaguzi: nani amepiga chafya leo? Ukikiri, umekwisha. Unapewa kijiko cha kitunguu saumu kilichotwangwa na tangawizi, halafu cha pili cha kukufundisha adabu.

Sheria za nyumba yake zilijulikana mutaa muzima. Hakuna kutoka inje na nywele mbichi. Hakuna kukanyaga chini bila soksi, maana baridi ya mawe ya volkano, alisema, inapanda kwa nyayo mpaka kifuani. Kofia ya sufu hata jua likiwaka. Mulangoni ndoo yenye robine, na asiyenawa hapewi hata maji ya kunywa. Kuhusu salamu, usiulize: tangu mwaka wa Korona, ukimunyooshea mukono, yeye anakunyooshea kiwiko. Wenzake wa depo walimuita Dokta Kiwiko, naye, masikini, akadhani ni heshima. Kinga ni bora kuliko tiba, aliwajibu. Methali haina kosa. Wenye kosa ni wale wanaoitembeza mahali ambapo haikualikwa.

Na Baharanyi aliitembeza mahali pabaya kweli. Mwaka ule ule wa Korona, siku ya kumaliza matanga ya baba yao, yaya yake Constant, kaka yake mukubwa, mutoto wa kwanza wa muzee, alikuja kwa miguu kutoka mutaa wa Murara, jua la saa sita, suti nyeusi, tai imemukaba shingo. Baharanyi alimupokea mulangoni na kile kipima-homa cha kuelekezwa kwa uso kama bunduki. Kikasoma homa. Mutu mwenye akili angesema, yaya, kaa kivulini kwanza, upoe. Baharanyi alimuwekea kiti inje, peke yake, karibu na banda la kuku, akamupelekea bugali yake huko. Mukubwa wa jamaa, kwa matanga ya baba yake mwenyewe, anakula na kuku! Constant aliweka sahani chini bila kuionja, akaondoka, na hakurudi tena kwa mudogo wake. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, ndivyo wanavyosema wazee. Kwa hawa wawili watu walilima, wakavuna, wakalima tena, na bado.

Sasa ikafika dote, mahari, ya Christa, binti mukubwa wa Baharanyi. Wakwe walikuwa wamepanga kuja samedi, Jumamosi, baada ya wiki tatu. Kwa desturi ya jamaa yao, watu wa upande wa Bukavu, baba wa binti hasimami kujisemea kama mutu anayeuza mbuzi sokoni. Baba mukubwa ndiye anayepokea ng'ombe na kumutoa mutoto, na baba mukubwa wa Christa alikuwa mumoja tu. Constant asipokuja, hakuna wa kusema, na wakwe watarudi na ng'ombe wao. Christa alimuambia baba yake wazi kwamba ikiwa hivyo, hatamusamehe. Alisema bila kulia, na hiyo ilimutisha Baharanyi kuliko machozi.

Lakini wanawake wana akili zao. Dorine, bibi ya Baharanyi, na Thérèse, bibi ya Constant, hawakuacha kamwe kuonana sokoni, na juu ya mafungu ya sombe, majani ya muhogo, wakapanga mambo. Siku ya yenga, Jumapili, misa ya pili, padiri akisema mupeane amani, Constant atatoka kwa benchi yake na kumupa mudogo wake mukono. Amani mbele ya Mungu na parokia nzima, nani ataikataa?

Thérèse alimubembeleza Constant wiki mbili, mpaka akakubali. Saa ilipofika, alivuka njia ya katikati ya kanisa, mutu wa miaka sitini, mukono umenyooka. Balaa ni kwamba Baharanyi alikuwa akimuangalia tangu mwanzo wa misa, na wakati wa Nasadiki alimuona kwa macho yake akipiga chafya mara mbili ndani ya kiganja kile kile. Moyo wa Baharanyi ulisema mukono, kabisa. Kiwiko kikainuka chenyewe. Constant alikiangalia kile kiwiko, akamuangalia mwenye nacho, akageuka na kurudi polepole kwa benchi yake. Dorine alimufinya mume wake ubavuni mpaka komunyo.

Nyumbani hakumupigia kelele. Alimuambia tu kwamba yeye aliyewakinga wote na mafua amewaletea ugonjwa usio na kijiko, kwa hiyo aende Murara, na asirudi bila yaya yake. Baharanyi alijikaza siku mbili, akitafuta maneno. Siku ya tatu alivaa barakoa, akatia ndimu mbili mufukoni, akaenda.

Thérèse alimufungulia mulango akiwa na mwiko mukononi. Alimueleza kwamba Constant yuko na mafua mabaya tangu siku ya yenga jioni, hivi sasa anajifukiza kwa chumba, na muvuke ukitoka umepotea, kwa hiyo hatamufunua kwa ajili ya mutu. Baharanyi aliomba kungoja. Thérèse akamuangalia kutoka viatu mpaka barakoa.

"Unataka kuongea naye? Yuko ndani ya blanketi. Ingia."

Katikati ya chumba palikuwa na mulima wa blanketi unaokohoa. Baharanyi alisimama mbele yake kwa muda ambao ungetosha kusali rozari. Alifikiri ndoo yake, soksi zake, miaka yote hiyo bila hata kamasi moja. Akamufikiri Christa. Akavua barakoa, akavua miwani, akapiga magoti, akaingia.

Ndani kulikuwa giza na joto la sufuria ya majani ya mukaratusi. Paji lake liligonga paji la mwengine.

"Nani?"

"Ni miye, yaya."

Paji lile likarudi nyuma. Kisha Constant akasema, "Toka. Nitakuambukiza."

"Niambukize."

Hiyo haikutosha, na Baharanyi alijua haitoshi. Constant alivuta pumzi ndefu, akakohoa, akasema kwamba alikalishwa na kuku siku ya matanga ya baba yake, watu wote wakiona.

"Niliogopa," Baharanyi akasema. "Weye ulikuwa safarini, mbali kule muji wa Kiwanja, barabara imefungwa. Miye nilimushika baba mikononi alipokosa pumzi. Ile mashini iliposoma homa kwa uso wako, nilikuona ndani ya sanduku. Sikuwa na nguvu ya kuzika tena."

Hakuna aliyewahi kumusimulia Constant siku baba alipokufa, na kwa hasira yake hakuwahi kuuliza.

"Baba alisema nini?"

"Alisema, Constant amekula?"

Hapo mukubwa wa jamaa alilia kama mutoto, na mudogo wake akalia naye, kwa sauti, bila haya. Thérèse aliyasikia yote kutoka jikoni na akaongeza mukaa. Katikati ya kilio Constant alipiga chafya moja kubwa, ikamupata Baharanyi katikati ya uso. Baharanyi hakujipanguza.

Samedi wakwe walifika na ng'ombe wao. Constant alikuwa amepona, suti imenyooshwa. Baharanyi alikaa karibu naye, pua nyekundu, kofia ya sufu mpaka nyusi, sauti haipo kabisa, macho yanamutoka maji. Musemaji wa wakwe, mutu wa muchezo, aliuliza kama baba wa binti ananyamaza na kulia kwa sababu hataki kumutoa mutoto.

Constant alisimama, akaweka mukono wake juu ya bega la mudogo wake.

"Anataka," akasema. "Muache tu. Alikuja kwangu nikiwa mugonjwa."