Msichana Aliyengoja Kusindikizwa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Waliosoma Kifaransa kwangu, katika shule ya sekondari hapa Kolwezi, wanajua kwamba nikivua miwani darasa zima linanyamaza. Ndiyo maana pasta wetu alipoomba familia za kanisa zipokee wanafunzi waliokuwa wanakuja kutoka ng'ambo kwa kazi ya Mungu, na mimi nikanyoosha mkono, mume wangu alicheka kwenye simu. Yeye anafanya kazi Fungurume na hurudi mwisho wa juma.

"We pia umekubali?" aliniuliza. "Masikini uyo mutoto!"

Nilimkatia simu. Lakini hakukosea sana.

Walikuwa sita, wa chuo kimoja, na walikuja kwa wiki tatu. Asubuhi walipaka rangi madarasa ya shule ya msingi ya kanisa, mchana waliwafundisha watoto nyimbo. Aliyeangukia kwangu alikuwa msichana mrefu, mpaka akainama kupita mlango wa jikoni, na uso wake ulibadilika rangi kila alipokaa juani kidogo. Alizungumza Kifaransa cha shuleni, polepole, akilichagua kila neno kama mama anayechagua nyanya sokoni. Kiswahili alikuwa anakiokota hapa na pale. Na alikuwa na daftari dogo lenye jalada la bluu.

Lile daftari lilinifurahisha, sitaficha. Kila nilichomfundisha alikiandika. Usipokee kitu kwa mkono wa kushoto. Usimwite mtu mzima bila kumtanguliza na mama au tata. Ukikaribishwa chakula, onja hata kama umeshiba. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kupata mwanafunzi wa namna hiyo, anayeandika bila kutishwa.

Ilikuwa siku ya sita hivi nilipomkaripia. Tulikuwa tumealikwa jioni kwa mama mmoja wa kwaya, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi nilitoka nyuma mara moja kuangalia kuku wake, na niliporudi sebuleni nikamkuta mwenye nyumba amesimama katikati ya chumba, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Mgeni wangu alikuwa amemaliza soda yake, akatazama saa, akasema asante, akatoka. Peke yake! Alikuwa ameshafika barabarani.

Kwetu hakuna tusi kama hilo. Mgeni anaomba njia. Mwenyeji anamwambia bado, kaa kwanza. Mgeni anakaa tena. Baadaye wote wanasimama, mwenyeji anamsindikiza mpaka kona, na pale kona mazungumzo yanaanza upya, mara nyingi yakiwa matamu kuliko yale ya ndani. Anayeachwa aondoke peke yake ni mdai au mwizi. Na anayeondoka bila kusindikizwa anawaambia wenyeji wake kwamba nyumba yao imemchosha.

Nilipofika nyumbani nilivua miwani. Nilimwambia ametuaibisha. Nikamwambia, kwa sauti ambayo majirani walisikia, "Ukiingia kwa watu hutoki mpaka mwenye nyumba asimame akusindikize. Hata ukikaa mpaka kesho!" Akawa mwekundu mpaka shingoni. Aliandika, kisha akaenda kulala bila kugusa bukari, ule ugali wetu, aliyokuwa amejifunza kuisonga mwenyewe. Nilisimama mbele ya mlango wake kidogo. Sikugonga, kwa sababu sijui kuomba msamaha siku ileile.

Asubuhi yake, kwenye chai, nilimwambia kwamba kuna kilio mtaa wa nyuma. Mama mmoja muuza vitenge, Mwislamu wa familia iliyotoka Maniema zamani, alikuwa amefiwa na mama yake alfajiri. Nilimwambia kwamba lazima mtu wa nyumba yetu akakae kule na wafiwa, na kwamba mimi ningekwenda nikitoka kazini. Aliitikia bila kuniangalia. Alisema kichwa kinamuuma, angewafuata wenzake baadaye. Nikaenda shuleni.

Niliporudi saa sita, nyumba ilikuwa tupu. Kitanda kimetandikwa vizuri mno. Viatu hakuna, daftari hakuna. Simu yake ilikuwa mezani, imechomekwa kwenye umeme. Nilikwenda mpaka shule ya msingi nikiamini nitamkuta juu ya ngazi na brashi yake. Wenzake walikuwa watano, wamejaa rangi ya njano mpaka kwenye nywele. Hawakuwa wamemwona tangu jana.

Hapo ndipo nilipoogopa. Siku mbili kabla alikuwa ameniuliza kuhusu mashimo, yale ambamo vijana wanachimba madini kwa mikono yao pembeni ya mtaa, na alitaka kwenda kuwaona na kuwaombea. Nilimkataza. Sasa niliwaza kwamba amekwenda kwa hasira, kunionyesha kwamba yeye si mtoto. Nilimwona chini ya udongo. Nilimwona chini ya magurudumu ya yale malori ya shaba yasiyosimama kwa ajili ya mtu. Nilimwona mama yake, ambaye simjui, akipigiwa simu ya kwanza kutoka Kongo, na mtu anayepiga ni mimi.

Pasta alichukua pikipiki yake akaelekea njia ya Mutshatsha. Mimi nilisimamisha wewa, mmoja wa vijana wetu wa pikipiki za abiria, nikamwambia natafuta mzungu aliyepotea.

"Muzungu ao Muchinois?" akaniuliza, mzungu au Mchina. "Juu ba-Chinois beko bengi, mama. Minaona kumi asubui ya leo."

"Muzungu! Mwanamuke, murefu!"

"Sawa mama, usinipigie makelele, mi siye nilimupoteza."

Alikuwa na haki, nikapanda nyuma yake. Alinipeleka mpaka kwenye mashimo. Nilishuka na viatu vyangu vya shule, nikauliza kundi moja baada ya jingine. Kijana mmoja, vumbi limemfanya mzee, aliweka gunia chini ili anijibu kwa heshima. "Mama, muzungu angepita apa, bote tungesimama kumuangalia. Hakupita. Rudia ku nyumba, utamukuta kule." Maneno yake yalinipoza kwa hatua kama ishirini, kisha hofu ikarudi.

Mara mbili siku ile nilipita mbele ya kilio. Kupitia kwenye geti nililiona turubai na mikeka, na wanawake wamekaa wamejifunika mitandio, vichwa vimeinama safu kwa safu. Mara zote mbili niliongeza mwendo. Niliona haya. Ningeingiaje kwa watu wanaomlilia mama yao nikaanza kuuliza habari za mgeni wangu? Na kusema kweli sikudhani hata kidogo kwamba anaweza kuwa mle. Nilikuwa namtafuta mbali, kwa sababu hofu yangu ilikuwa mbali.

Saa kumi pasta alirudi, uso umempauka kwa vumbi. Wale wanafunzi watano walikuwa wamekaa ndani ya lupango, uani kwangu, kwenye kivuli cha ukuta, wanaomba wameshikana mikono. Pasta alisema sasa hakuna njia, lazima tuwajulishe polisi na chuo chao.

"Unipe nusu saa," nilimwambia.

"Ya kufanya nini?"

Nilitaka kulia, na nyumba yangu ilikuwa imejaa watu wa kunitazama. Nikakumbuka kwamba kuna mahali karibu ambapo mwanamke anaweza kulia kwa sauti bila mtu kumuuliza sababu. Nilijifunga kitenge, nikajitupia kitambaa kichwani, nikaenda kwenye kilio.

Mwili ulikuwa umeshapelekwa makaburini. Wanawake walikuwa wamebaki kwenye mikeka na mfiwa. Nilivua viatu, nikaingia nimeinamisha kichwa, nikakaa mahali pa kwanza palipokuwa wazi. Na pale pale machozi yakanitoka. Nililia kama sijawahi kulia kwa mtu wa nyumba nyingine. Mama mmoja akanipigapiga mgongoni, akanong'ona kwa wenzake kwamba kumbe nilimpenda sana marehemu.

Kisha mkono ukanigusa goti. Ulikuwa na rangi ya njano kwenye kucha.

Niliinua macho. Chini ya mtandio mweusi, jasho likimtiririka, miguu yake mirefu imekunjwa chini yake sijui tangu saa ngapi, alikuwa ni yeye. Daftari lilikuwa mapajani. Alininong'oneza kwa Kiswahili, akilitaja kwa shida lile neno nililompigia kelele usiku uliopita:

"Mama, unakuja kunisindikiza?"

Sikuelewa kwanza. Halafu nikaelewa yote. Nilikuwa nimesema lazima mtu wa nyumba yetu aende, akaenda, labda ili nimsamehe. Na nilikuwa nimesema asitoke kwa watu mpaka wenyeji wasimame wamsindikize. Nilichosahau kumwambia, kwa sababu hapa hata mtoto wa miaka mitano anakijua, ni kwamba kwenye kilio hakuna anayesindikizwa. Hakuna kuaga. Unainuka kimya na kwenda zako, na mfiwa habanduki kwenye mkeka wake kwa ajili ya mtu yeyote. Msichana wa watu alikuwa amekaa tangu asubuhi anangoja kitu ambacho hata angengoja mwezi kisingekuja.

Kicheko kilinipanda. Kwenye kilio! Niliuziba uso wangu na kitambaa, mabega yakitikisika, machozi yakiendelea, na wale wamama wakazidi kunihurumia. Mungu anisamehe. Moyo wangu ulikuwa umerudi mahali pake, na sikujua njia nyingine ya kuupokea. Nilimvuta kichwa chake begani kwangu, nikamwambia kwa Kifaransa, sikioni, "Nisamehe." Hata siku moja nzima haikuwa imepita tangu nimkaripie.

Mfiwa alituona. Alikuwa amekaa karibu na ukuta, macho yamevimba. Niliogopa kwamba amegundua nacheka. Badala yake akanisogelea kwa magoti.

"Uyu mutoto ni wako?"

"Ni mugeni wangu, mama. Utusamehe."

"Niwasamehe nini? Balikuya batu bengi leo. Banalia, telefone inaita, banaenda. Yeye hakuende. Saa yenye balimutosha mama yangu mu nyumba kumupeleka ku makaburi, minaanguka, na yeye njo alinishika. Haulize kitu. Eko tu."

Nilimtafsiria msichana nusu yake. Nusu nyingine niliiacha, nikamshika mkono tuinuke.

Tulipotoka tulimkuta pasta getini, amevua viatu tayari kuingia, soksi moja ina tundu ambalo kidole gumba kilikuwa kinachungulia. Alipomwona msichana alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na suruali yake nzuri, akasema asante Yesu mara nyingi, halafu akaanza kucheka. Nyumbani wale wenzake watano walimrukia. Usiku ule alikula bukari na mboga ya sombe vya kutosha watu wawili, na mimi nilikaa namtazama akitafuna, nimelegea mwili wote, nimefurahi. Jumapili, kanisani, mmoja wao alishuhudia kwamba Roho Mtakatifu ndiye aliyemwongoza dada yao kwenye nyumba ya huzuni. Sikuinuka kumsahihisha. Labda Roho alitumia mdomo wangu, ingawa angeweza kuchagua mdomo wenye adabu zaidi.

Lakini jambo moja lilinibaki. Yule mama muuza vitenge alidhani msichana alikaa kwa upendo, na mimi nilijua alikaa kwa kunitii. Nilimwuliza msichana siku moja tukichambua mchele, kama angekaa siku nzima bila ile amri yangu. Alisema kwamba mpaka saa nne alikuwa anangoja asindikizwe. Baada ya mwili kutolewa, alisahau kungoja.

Siku ya kuondoka, basi dogo la kuwapeleka Lubumbashi lilisimama barabara kubwa, kwa sababu njia yetu ina mashimo. Wanafunzi walikuwa wanatoa mizigo. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu vya kumsindikiza, nimejiandaa kulia kwa heshima. Ndipo nikasikia hodi getini.

Alikuwa yule mama, amevaa kitenge kipya, mtandio umefungwa vizuri. Siku za kilio zilikuwa zimekwisha. Hakuniamkia hata mimi kwanza.

"Nakuya kusindikiza mugeni wangu," alisema. "Siku ile sikuweza kusimama."

Alichukua begi la msichana, akaliweka kichwani mwake, akatangulia. Msichana alinigeukia, macho yamejaa, kuniuliza afanye nini. Hakuwa na sheria ya hilo ndani ya daftari. Nilimwonyesha kwa kidevu amfuate.

Walipofika kona nilimwona anasimama na kunyoosha mkono kulipokea begi, kama nilivyomfundisha, kwamba anayesindikizwa ndiye humwambia mwenziwe inatosha, rudi. Yule mama alitikisa kichwa, begi juu, akaendelea kutembea. Wakaenda hivyo mpaka kwenye basi, wawili, polepole. Mimi nilivua viatu vyangu nikabaki getini.