Mdomo wa Baba Mkwe

Ayuma alikuwa na watoto wawili tayari alipoambiwa kwamba kukagua midomo ni kazi ya mama wa nyumba. Aliyemwambia ni bibi wa afya aliyekuja kufundisha akina mama katika ukumbi wa kanisa, nje kidogo ya mji wa Kakamega kwenye barabara ya Butere, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Kila mtu awe na mswaki wake. Asiye na dawa atumie chumvi. Mtoto asilale akinyonya muwa. Na kila Jumamosi mama atazame mdomo wa kila anayekula kwenye chungu chake.

"Usimruke mtu," bibi alisema. "Na uvimbe ukipanda kuelekea jicho, hospitali siku hiyohiyo. Huo unaua."

Ayuma alianza na watoto, wakamng'ata. Mama mkwe wake, Beldina, alicheka kisha akafungua mdomo. Akabaki mzee Hezekiah, baba mkwe, ambaye shavu lake lilikuwa limevimba tangu asubuhi.

Nimelala katika nyumba nyingi kati ya Tabora na Mbale, na karibu kila mahali nimekuta heshima ya mkwe, lakini aghalabu ina kichochoro cha kupitia. Nyumbani kwa Hezekiah haikuwa nacho. Mke wa mwana hakumgusa mzee, hakuketi alipokuwa ameketi, hakumwangalia akitafuna. Mumewe Ayuma, Sylvanus, alikuwa kazini Jinja. Sasa mdomo huo ulikuwa miongoni mwa midomo ya kukaguliwa, au haukuwa? Bibi wa afya alikuwa ameshaondoka na basi.

Kesho yake mzee alishindwa hata na uji. Ayuma akasimama nje ya nyumba yake, mgongo ukiwa ukutani, akamtuma Beldina ndani akatazame.

"Unaona nini, Mama?"

"Naona mdomo."

"Meno je?"

"Mawili hayapo chini."

"Hayo si yaling'olewa ujanani?"

"Ndiyo. Lakini umeniuliza."

"Jino bovu liko upande gani?"

"Upande wa mlango."

"Mlango ukiwa kulia kwake au kulia kwako?"

"Ngoja, amegeuka."

Kisha sauti ya mzee, nzito kama ya mtu mwenye kiazi mdomoni: "Nani huyo anauliza habari ya mdomo wangu?"

"Ni mama ya wajukuu wako," Beldina alijibu. "Amesoma."

"Amesoma mdomo wangu? Mkwe haangalianga hapo."

"Haangalii, yuko nje. Mimi ndiye naangalia, na sielewi ninachoona."

"Uvimbe umefika wapi, Mama?" Ayuma aliuliza.

"Jicho hili limebaki nusu."

Ayuma aliniambia kwamba hapo aliacha kufikiri. Alimwita jirani mwenye baiskeli ambebe mzee, naye akafuata nyuma kwa miguu, maana mguu wa Beldina haukuweza mwendo huo. Alipofika hospitalini mjini, jirani alikuwa amekwisha kurudi zake na mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha kung'olea.

"Wewe ni wa huyu?" mganga wa meno aliuliza. "Njoo umshike kichwa. Niko peke yangu leo."

"Siwezi. Ni baba mkwe wangu."

"Basi lete mwanamume."

Alitoka nje. Kwenye benchi walikuwapo akina mama na watoto wachanga tu. Akarudi, akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani.

Mzee, jicho moja likiwa limefumba kabisa, aliinua mkono. Ayuma aliuangalia mkono ule. Ulikuwa unamwita? Ulikuwa unamfukuza? Mpaka leo hajui, nami aliponionyesha jinsi ulivyopunga sikuweza kumsaidia. Aliingia, akasimama nyuma ya kiti, akakishika kichwa kwa mikono miwili na kutazama dari. Alisikia jino likitoka. Hakuliona.

Njiani mzee alitembea mbele, akitema damu kando ya barabara, naye akafuata kwa mbali kama inavyotakiwa.

Uvimbe ulishuka. Mzee alianza kula, akaanza kugombana na majirani, akawa mzima. Lakini kwa Ayuma hakusema kitu, na Ayuma alingoja kuambiwa kama amemkosea heshima kiasi cha kurudishwa kwao au la. Kisha asubuhi moja Beldina alikuja jikoni akiwa ameshika kuku, miguu imefungwa.

"Mzee amesema achinjwe, na wewe ule."

Ayuma aliweka ufagio chini. Mkwe aliyevunja mwiko huchinjiwa ili asafishwe. Mtu aliyefanya jema huchinjiwa pia.

"Mama, huyu ni wa kunisafisha au wa kunishukuru?"

Beldina alimkabidhi kuku.

"Sikumuuliza," alisema, "naye hakusema. Chemsha maji."