Diski Zilizowekwa Darini

Kompyuta ya shule yetu, karibu na Keroka, haikujua kitu mpaka uilishe diski. Kwanza uliingiza diski ya programu, ile iliyoiwezesha kuandika, kisha diski ya pili, ya kuhifadhi ulichoandika. Zilikuwa pana na nyembamba, nyeusi, laini kama bahasha. Bila ile ya kwanza, ya pili haikusomeka. Naeleza haya mapema kwa sababu mimi mwenyewe, mwalimu mzima, nilichelewa kuyatilia maanani.

Katika diski ya pili nilikuwa nimepiga chapa nyimbo za mama yangu, arobaini na moja, alizotungia kwaya ya kanisa lake la Kisabato huko Kiogoro. Daftari lake lilikuwa limeliwa na panya. Nakala nyingine ilikuwa kichwani mwake tu, na alikiri kwamba baadhi ya beti zilikuwa zimeanza kumtoroka.

Likizo ya Aprili paa la ofisi lilivuja, nikazibeba diski nyumbani na kumwomba mama aziweke mahali salama. Akazipandisha darini, juu ya meko, kando ya mahindi ya mbegu, ambako moshi hufukuza wadudu na joto hukausha unyevu. Mkulima yeyote wa kwetu angefanya vivyo hivyo.

Shule zilipofunguliwa nikazishusha. Ya nyimbo, aliyoifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa na kuiweka juu, ilikuwa nzima. Ya programu, iliyolala chini upande wa moto, ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba lililokaushwa.

"Nimeziua nyimbo?" mama aliniuliza.

"Nyimbo zipo, mama. Kilichokufa ni cha kuzisomea."

Alienda kupalilia migomba iliyokuwa imepaliliwa jana yake. Hapo nikaamua kwamba programu hiyo nitaipata.

Niliuliza katika shule tatu, kisha katika chuo cha kupiga chapa mjini Kisii. Wote walikuwa na mashine mpya zenye diski ndogo ngumu. Karani mmoja alinicheka, kisha akanielekeza kwa mzee Mhindi mwenye duka la vitambaa, ambaye zamani alitumia mashine kama yetu. Kweli alikuwa nayo bado, stoo, imebebeshwa majora ya kitambaa cha sare. Diski zake alizitunza kwenye mkebe wa biskuti.

"Diski yangu haitoki hapa, mwalimu," alisema. "Lete tupu, tunakili hapa hapa."

Nilirudi wiki iliyofuata na diski sita tupu. Kabla ya yote, mzee alikata kipande cha utepe akaziba pengo dogo lililo ubavuni mwa diski yake. Pengo likizibwa, mashine husoma tu, haiwezi kuandika juu yake. Kisha kazi ikaanza. Mashine ilikuwa na tundu moja na kumbukumbu ndogo, hivyo ilimeza sehemu ya diski ya zamani, ikaomba mpya, ikaitemea, ikaomba tena ya zamani. Nikawa naingiza na kutoa, naingiza na kutoa. Mara moja nilichanganya, nikaiweka ya zamani mahali pa mpya. Mashine ilikoroma ikakataa.

"Ndiyo kazi ya utepe," mzee alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akipima.

Tulipomaliza nakala tatu za programu, nikaziba pengo la diski ya nyimbo pia, tukainakili mara tatu. Kisha nikaifungua. Wimbo wa kwanza ulijitokeza kwenye kioo, herufi za kijani, kila ubeti mahali pake. Niliuhesabu mstari kwa mstari kama mtu anayehesabu watoto waliotoka mtoni.

Jioni nilimweleza mama kwamba jozi moja itakaa shuleni na moja kabatini mwangu. Ya tatu aliichukua mwenyewe. Kila mwaka aliacha sehemu ya mbegu zake kwa dada yake huko Nyamache, ili zikiharibika huku, zibaki kule. Sikuona kwa nini nimfundishe zaidi.

"Mwambie mama mdogo asizipandishe darini," nilisema.

"Hiyo niachie," alijibu, akizifunga kwenye kitambaa kilekile. "Wewe mambo ya dari huyajui."