Ibara Niliyomsomea Baba

Nimefundisha uraia kwa miaka mingi katika sekondari moja ya Nyegezi, na habari ya kumrithi Rais naweza kuisema hata usingizini. Kiti kikiwa wazi kwa kifo, kwa kujiuzulu au kwa maradhi, Makamu wa Rais anaapishwa na kumalizia muda uliobaki. Wanafunzi wanaipenda kwa sababu ni fupi. Siku hizi nikifika hapo nampa kiranja chaki aandike ubaoni, nami natoka nje kidogo, maana baba yangu huja kuniuliza swali. Baba alishakufa. Nasema huja kwa sababu sina neno jingine.

Mwaka ule Rais alipofariki akiwa madarakani, nilikuwa Magu kumwona baba. Miguu ilikuwa imemvimba na shamba alikuwa ameliacha. Aliishi na mdogo wangu wa kike, aliyerudi nyumbani ndoa ilipomshinda, na kwa miaka kumi ndiye aliyempikia, akamfulia, akalima majaruba yake ya mpunga. Redio ilikuwa ikipiga nyimbo za maombolezo tangu alfajiri. Baba akapunguza sauti.

"Mwalimu, sasa anakaa nani?"

"Makamu wake, baba. Imeandikwa."

"Yule mama?"

"Huyo huyo."

"Kikao kimefanyika wapi?"

"Hakuna kikao. Katiba imeshasema. Anaapa, basi."

Hakuniamini. Kitabu cha Katiba kilikuwa mkobani, nikamsomea ibara ya thelathini na saba polepole, naye akanirudisha nyuma mara mbili. Katika ukoo wetu mwenye mji, yaani nyumba na shamba lake, akifa, watu hulia, huzika, kisha wanaume hukaa kando na kuamua nani ataushika mji. Baba alikuwa amekaa katika vikao vingi vya namna hiyo, na kwa kadiri nijuavyo hakuwahi kuvitilia shaka mpaka asubuhi ile.

"Kwa hiyo waliandika kabla hajafa," alisema.

"Kabla hata hajachaguliwa."

"Na yeye hakukasirika?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Baba hakucheka. Alimtazama mdogo wangu, aliyekuwa uani akipepeta mchele, akasema kwa sauti ya chini: "Niandikie na mimi. Andika kwamba mji huu ni wa huyu. Tafuta na mashahidi. Wewe ndiye unayejua maneno ya serikali."

Karatasi nilikuwa nazo. Kalamu nilikuwa nazo tatu. Nikamkemea. Nikamwambia aache uchuro, atapona, mpunga wa mwaka kesho ataula mwenyewe. Kwetu kumwandikia mzazi aliye hai mambo ya kifo chake ni kama kumchimbia shimo huku anakuangalia, na mimi na shahada yangu, niliyetoka kuwasifu watu walioandika mapema, niliogopa. Niliona nikigusa karatasi tu atakufa, nami nitakuwa nimemuua. "Wabeja," akasema, asante kwa Kisukuma, akaongeza sauti ya redio.

Hakuniuliza tena akiwa hai.

Alikufa masika yalipokatika. Matanga yalipoisha wanaume wakakaa, na sisi mabinti zake wawili tukaitwa kusikiliza. Baba mdogo, aliyeongoza kikao, akasema mji unakwenda kwa kaka yetu wa Geita, kwa kuwa ndiye wa kiume. Nikasimama, nikasema baba alitaka mji uwe wa mdogo wangu, aliniambia mwenyewe. Nilitamani baba mdogo anifokee, ningejua la kujibu. Akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, wewe ni mwalimu. Iko wapi?"

Mdogo wangu aligeuka kunitazama. Hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba baba alimtaja.

Haikupita miezi mitatu kaka akahamia na familia yake. Mdogo wangu akaja kwangu Mkolani na godoro na sufuria mbili. Hajawahi kunilaumu, na laiti angenilaumu. Huamka saa ile ile aliyokuwa akienda majarubani, akakaa kitandani, miguu chini, akisubiri kupambazuke. Hana shamba la kwenda. Nami chumba cha pili huwa macho, na baba huwa amekwishafika. "Na yeye hakukasirika?" ananiuliza. Nimejaribu kila jibu. Haondoki.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunachambua dagaa barazani. Bila kuinua uso, mdogo wangu akasema, "Dada, siku ukiitwa wewe, wanao wataniacha nikae?"

Ulikuwa uchuro ule ule. Nikanyanyuka, nikaleta daftari, nikaandika kwamba chumba anacholala ni chake mpaka mwisho wa maisha yake, na mtu asimtoe. Nikaita majirani wakashuhudia na kutia sahihi, wakaenda zao. Mdogo wangu akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Ilikuwa mistari minne.

Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya ungo.

"Kumbe ni maneno machache hivyo," akasema, akaendelea kuchambua dagaa.