Niliposema Malka Iko Wazi

Harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi hunijia nikiwa mahali pasipo na ng'ombe hata mmoja. Hunijia nikipanda vilima vya Taita kwa gia ndogo kabisa, pumzi ikinitoka kwa mafungu, na hunijia pale Kilifi upepo wa bahari unaponipiga ubavuni na kuiyumbisha baiskeli. Nimeendesha pwani yote, kutoka Mokowe hadi Lungalunga, na nimepanda bara mpaka kwenye ukungu na mashamba ya kabichi. Watu huniuliza mwanamke wa miaka arobaini na kitu anatafuta nini barabarani na mizigo miwili kwenye karia. Huwajibu kwamba natembea tu. Jibu hilo si uongo, lakini si ukweli wote. Kila njia niliyopita naipima kwa njia moja fupi ya udongo, kutoka kwetu Golbanti, ukingoni mwa Tana, hadi kwenye maskani ya Waorma nje ya bonde. Sijaona iliyoishinda kwa uzuri, wala kwa uchungu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili mwaka ule. Baba alikuwa na baiskeli nyeusi nzito, yenye kengele iliyokohoa badala ya kulia, nami niliiendesha kwa kupitisha mguu chini ya paipu kwa sababu kiti sikukifikia. Kila baada ya siku moja nilifunga mchele na ndizi kwenye karia, nikashika njia kabla umande haujakauka. Wanawake waliokuwa wakifua mtoni waliinua migongo kunicheka. "Ruthi, wewe ukiolewa utazaa magurudumu!" shangazi yangu alipaza sauti, na wenzake wakaangua kicheko mpaka sabuni ikawaponyoka. Sikujali. Mwisho wa njia alinisubiri Mama Habiba, Mworma mrefu aliyenishika kidevu kabla ya kunisalimu, pamoja na binti yake Habiba, rika langu, ambaye nilimfundisha kuendesha na ambaye kila alipoanguka aliitukana baiskeli kwa Kiorma kama mtu anayemtukana punda. Desturi yetu ilikuwa kwamba kibuyu hakirudi kitupu. Wao walikijaza maziwa, sisi tukakirudisha na mchele ndani, na hakuna aliyepima. Maziwa hayo yalikuwa ya Dima, ng'ombe mwekundu ambaye Habiba alipewa na babu yake awe wake mwenyewe. Alinionyesha jinsi ya kumkuna nyuma ya sikio mpaka akafumba macho.

Njia hiyo niliyoipita haikuwa yangu, wala haikuchimbwa kwa ajili ya baiskeli. Ilikuwa malka. Kati ya shamba na shamba kando ya mto, babu zetu Wapokomo na babu zao Waorma waliacha ukanda usiolimwa, ili ng'ombe waupite wakati wa kiangazi kwenda kunywa maji. Mvua zikinyesha, makundi makubwa hupelekwa mbali, na ng'ombe wachache wa maziwa hubaki karibu wakinywa kwenye madimbwi. Madimbwi yakikauka, malka ndiyo uhai. Hakuna karatasi iliyoandikwa, na sijui kama ingesaidia kuandikwa. Kwato za miaka mingi zilikuwa zimeusaga udongo wake hadi ukawa laini kama unga, na gurudumu lilipita juu yake bila sauti.

Mwaka ule mto ulihama. Mafuriko yalilila shamba letu lote, mgomba baada ya mgomba, na nakumbuka mwembe mmoja ukiondoka umesimama wima, kana kwamba umeamua kusafiri. Maji yalipotulia, yalikuwa yametandaza tope jeusi, lenye rutuba ya kutamanisha, juu ya malka. Baba alisimama akilitazama siku mbili. Siku ya tatu alichukua jembe. Mama alimwambia, "Baba Ruthi, hapo si petu." Baba akajibu bila kuinua kichwa, "Na tumbo nalo si letu?" Akapanda mahindi kutoka ukingo huu hadi ule. Tukaanza kuyangojea, nami nikalazimika kuisukuma baiskeli pembeni, kwenye miiba, hadi nifike mahali njia ilipokuwa bado njia.

Baba hakuwa mtu mbaya. Naliandika hili kwa sababu wengi walioniacha nisimulie habari zake walitaka awe mbaya ili waelewe haraka. Alihesabu siku tu. Alijua mahindi yatakomaa lini, akakisia madimbwi yatakauka lini, akaona kwamba atavuna kwanza na malka itafunguka kabla mtu hajaihitaji. Jioni moja akiipaka cheni mafuta ya nazi aliniambia, "Wakikuuliza, sema iko wazi. Mpaka wafike itakuwa wazi kweli." Kisha akaongeza kwamba tukishavuna atanipakia mbele, tupite Kilelengwani, tufuate mto mpaka Kipini nikaone unavyoingia baharini. Nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Usiku huo nililala nikiisikia.

Wiki haikupita. Mama Habiba alinishika kidevu kama kawaida, lakini mkono ulikuwa mkavu, na kibuyu kilikuwa nusu. "Ruthi, mtoto wangu," alisema, "dimbwi yetu imekuwa matope tu. Ng'ombe iko na kiu. Malka iko wazi?" Ningesema imelimwa, wangewaswaga ng'ombe siku ile ile kwenye malka nyingine, mbali, wakati miguu yao ilikuwa bado na nguvu. Au wazee wangekaa na baba kabla ya kiu kuwa kali. Nilimtazama Habiba, aliyekuwa amekwisha kuinyakua baiskeli na kuizungusha uani. Nikasema, "Iko wazi, mama." Nimejaribu miaka mingi kujiambia kwamba nilimwogopa baba. Sikumwogopa. Niliitaka bahari.

Waliamini, kwa hiyo walingoja mpaka tone la mwisho la dimbwi. Siku ya nne walikuja. Ng'ombe mwenye kiu akishanusa mto hageuzwi na fimbo wala na kelele. Mahindi yalikuwa yametoa ndevu. Nilimwona baba akikimbia na panga, nikawaona ng'ombe wakiingia shambani kifua mbele, na mashina yakivunjika kwa sauti kama ya moto. Baba alikata mguu wa yule aliyekuwa mbele. Alikuwa Dima. Alianguka hatua chache tu kutoka majini, shingo ameinyoosha kuyaelekea, na baba yake Habiba akalazimika kumchinja palepale, kabla hajafa, asiwe mzoga. Alitaja jina la Mungu kwa sauti iliyosikika na kila mtu. Habiba hakulia. Mama yake alinitafuta kwa macho kati ya watu wote, akanipata nyuma ya mama. "Wewe umesema iko wazi," aliniambia. Hakumwambia baba neno lolote.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa siku nne. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakasema, wakainuka, na hakuna aliyempiga mwenzake. Lakini maziwa hayakuja tena. Baiskeli baba aliitundika darini, na habari ya Kipini haikutajwa. Kibuyu chao kilibaki kwetu. Mama alikijaza mchele kama desturi ilivyotaka, akakosa wa kukirudisha, na fukusi wakaula mchele wote humo ndani. Kwetu ikasimuliwa kwamba ng'ombe walivamia shamba la Mpokomo. Kwao ikasimuliwa kwamba Mpokomo alimkata ng'ombe mwenye kiu. Zote mbili ni kweli, na ndani ya zote mbili mimi simo.

Mwaka huu nimerudi. Nilikutana Witu na kikundi cha waendesha baiskeli kutoka Nairobi, vijana wakarimu wenye kofia ngumu, wanaotembea kutoka Lamu kwenda Malindi na baadaye vilimani. Simu zao zilikuwa na ramani, na kwenye ramani mstari wa buluu ulikatiza bondeni hadi mtoni. Chini yake pameandikwa njia yenye mandhari nzuri. Niliutambua mstari ule kabla hatujaufikia. Mti wa mathenge umeifunika nusu ya malka, na miiba yake ilitoboa matairi matatu. Kisha tukakuta seng'enge, mpya, inayong'aa, imeingia mpaka majini. Nyuma yake ni shamba la mtu ambaye hakuna aliyeweza kunitajia jina lake. Wale vijana walicheka, wakabeba baiskeli zao juu ya waya, wakapiga picha. Niliwapokeza yangu nami nikapita. Baiskeli hubebwa. Ng'ombe habebwi.

Garsen niliambiwa Habiba anauza maziwa karibu na stendi. Nilimkuta ameketi kati ya mitungi ya plastiki, mnene kidogo, na kidevu cha mama yake. Aliitazama baiskeli kabla ya kunitazama mimi.

"Bado unaendesha tu?"

"Bado."

Alichukua chupa yangu, akanipimia vikombe viwili, akakatisha pale pale kikombe kilipojaa. Maziwa hayakuwa na harufu yoyote ya moshi.

"Umetoka upande wa kule," alisema. "Malka iko wazi?"

"Imefungwa," nikamjibu. "Seng'enge mpaka majini."

Alifunika mtungi, akakaza kifuniko kwa kiganja.

"Hiyo najua," akasema. "Nilitaka tu kusikia utasema nini."

Nililipa, nikaifunga chupa kwenye karia mahali palipokuwa pakikaa mchele, nikaondoka.