Ukuta wa Bi Unafuata

Mama yangu mdogo ni mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno, na kwa miaka yote aliyokaa kwenye meza ile hajawahi kumuudhi mtu. Ukiingia umeshika shavu, anakuinamia, anapunguza sauti na kukwambia, "Vumilia, wewe ndiye unayefuata." Humwambia hivyo hata aliyekaa mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo. Wagonjwa wakampachika jina la Bi Unafuata. Yeye anadhani ni sifa.

Kisa cha picha kilianza alipohamia nyumba mpya ya kupanga pamoja na mumewe, fundi wa friji asiye na maneno mengi. Mwenye nyumba alikuwa ametoka kupaka rangi, akapiga marufuku msumari hata mmoja ukutani. Mama mdogo alikuwa na sanduku zima la picha za familia. Akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Mwanangu, ukoo wote uko uvunguni."

Nikaona bahati imenijia. Ofisini kwetu tulikuwa tunatengeneza programu ya simu ya kutundika picha zisizokuwepo: unaelekeza kamera ukutani, na kwenye kioo cha simu unaiona picha imening'inia palepale, na fremu yake. Ukishusha simu, ukuta mtupu. Tulikuwa tunatafuta watu wa kuijaribu na kutupa mawazo. Nikampa.

Nilijuta upesi. Mawazo yalimwagika. Alikuwa akinirekodia sauti akiwa kazini, nyuma yake mashine ya kutoboa meno ikilia. Picha ziwe na kivuli pembeni, maana bila kivuli zinaelea kama mizimu. Taa ikizimwa, nazo zififie. Marehemu babu asiwekwe akitazama televisheni, hakuipenda hata kidogo. Na je, haiwezekani shangazi apunguzwe unene kiasi, kwa heshima tu? Mengine tuliyachukua. Lile la kivuli bosi wangu alilisifu mbele ya watu wote. La shangazi nililimeza mwenyewe.

Kisha likaja wazo kubwa.

"Mwanangu, kila mgeni si ana simu yake? Basi kila simu ione ukuta wake."

"Yaani?"

"Yaani wifi mkubwa akija, ajione yeye katikati. Wifi mdogo akija, naye ajione katikati. Kuna ubaya gani?"

Mawifi hao ni dada wawili wa mumewe. Mkubwa ni mwalimu mkuu mstaafu, mdogo anauza vitambaa, na tangu utotoni hawajakubaliana nani alipendwa zaidi nyumbani kwao. Mama mdogo alikuwa amewamudu kwa kuwaalika siku tofauti.

Kiufundi halikuwa jambo gumu; nikamfungulia, na programu nikaiweka kwenye simu za familia nzima. Wifi mkubwa akaja Jumamosi, akainua simu, akajiona juu ya kochi, mpana kama dirisha, ndani ya joho la mahafali. Akapangusa miwani. "Wifi," akasema, "wewe unajua kuthamini watu." Wifi mdogo akaja katikati ya wiki, akajiona mahali palepale na gauni lake la harusi. Huyo alitaka hata kupigwa picha na picha yake.

Amani ikatanda. Mama mdogo akawa anatembea kama balozi.

Jumapili moja nilikwenda kumwekea toleo jipya. Wifi mkubwa alikuwepo, anakunywa chai. Mara hodi, na wifi mdogo akaingia bila taarifa, amebeba kitambaa cha pazia alichokuwa ameahidi. Mama mdogo akaanza kutuhimiza sote tutoke nje tukapunge hewa. Hakuna aliyemsikia. Wifi mdogo alitaka kulinganisha rangi ya pazia na fremu ya picha yake, na simu yake ilikuwa imeisha chaji.

"Dada, niazime yako kidogo."

Akainua simu. Akaishusha, akautazama ukuta mtupu, akainua tena.

"Mimi niko wapi?"

"Uko pale pembeni," dada yake akamwonyesha, bila ubaya wowote. "Kwenye ile picha ya pamoja. Huo mkono ni wako."

Ikabidi ukweli utoke. Mama mdogo aliusema huku akikikunja na kukikunjua kile kitambaa: kwamba kila mmoja ana ukuta wake, kwamba alifanya kwa upendo, na kwamba mtaalamu wa mitambo ni huyu hapa. Akaninyooshea kidole. Nikajifanya natafuta chaja.

Nilitegemea moto. Badala yake wifi mdogo akachomeka simu yake mpaka ikawaka, wakabadilishana, wakazunguka sebule nzima kila mmoja akikagua ukuta wa mwenzake. Kicheko kilianzia kwa wifi mkubwa, kile cha kujizuia, kinachotingisha mabega tu.

"Ametupiga chenga sote wawili."

"Tena chenga safi," mdogo wake akajibu.

Ndipo baba mdogo, aliyekuwa kwenye kiti chake muda wote huo, akatoa simu mfukoni na kuielekeza ukutani kwa mara ya kwanza tangu wahamie.

"Mke wangu."

"Unasemaje?"

"Mimi naona rangi tu."

Alikuwa amemsahau. Kila mgeni alipangiwa ukuta wake, na mume si mgeni. Mama mdogo akajishika mdomo, na ingawa alicheka pamoja nasi, nilimwona macho yakilowa. "Nilidhani wewe ukiniona mimi inatosha," akajitetea.

"Inatosha," mumewe akasema. "Ila na mimi nitundikwe."

Sasa ukuta ni mmoja kwa simu zote. Mawifi waliupanga wenyewe mchana uleule, mikono juu, shusha kidogo, pandisha kidogo, mpaka chai ikapoa. Katikati yuko baba mdogo enzi za ujana, amekumbatia friji ya kwanza aliyoifufua, anacheka hadi fizi. Dada zake wako kulia na kushoto kwa ukubwa sawa. Niliwapimia mimi, nao wakapima tena kwa rula juu ya kioo cha simu.

Ofisini, wazo la kila simu na ukuta wake tumelibakiza, maana watu wamelipenda kweli. Ila kabla ya kuwaka, programu inakuuliza kwanza: "Je, wageni hawa wanafahamiana?" Swali hilo nililiandika mimi. Mama mdogo anasema ni uchokozi mtupu.